Paneli Nane za Mama Karani

Watu wengine wakitembea mjini hutazama chini, wasije wakakanyaga maji machafu. Wengine hutazama mbele, wanawahi kazini. Injinia alitazama juu. Si kwamba alikuwa mcha Mungu, la hasha. Alitazama juu kwa sababu watu hufunga mageti, hufunga milango, hufunga hata kabati la sukari, lakini hajazaliwa bado wa kutia paa kufuli.

Jumatano hiyo asubuhi, akipita mtaa wa nyumba za zamani nyuma ya ofisi za maji, akaziona. Paneli za sola, nane nzima, zimepangwa safu mbili juu ya mabati yenye kutu. Vumbi limezigandia mpaka zimefanana rangi na paa lenyewe. Ndege wamezifanya choo. Waya ulioshuka ukutani umevikwa utando wa buibui, na pembeni yake nguzo ya umeme inaleta waya mpya unaong'aa ndani ya nyumba. Yaani hao wenyewe walishazisahau. Injinia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ingawa miwani ile haikuwa na kazi yoyote ya macho. Aliivaa kwa ajili ya cheo.

Tuambiane ukweli mapema: Injinia hakuwa injinia. Cheti pekee alichokuwa nacho kilikuwa cha kumaliza shule ya msingi, na hicho nacho kilikuwa cha kaka yake. Lakini aliwahi kubeba maboksi wiki tatu katika duka la sola, kabla mwenye duka hajaanza kuhesabu balbu zake upya, na katika wiki hizo tatu aliokota jambo moja la kweli. Mtu taa zikimzimikia husema sola imekufa, kumbe kilichokufa ni betri. Betri huchoka baada ya miaka michache. Paneli haina haraka hiyo, inaweza kukaa juu ya paa miaka ishirini na zaidi, buheri wa afya.

Kwa kawaida, paa kama lile angeliangalia akaona pesa. Safari hii aliona harusi.

Mchumba wake alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkali. Baba yake mchumba, mjane wa siku nyingi mwenye duka la nyama, aliyeitwa na mtaa mzima Mzee Bucha, alikuwa ameshasikia habari za mikataba ya sola ya mkwe mtarajiwa mpaka masikio yakamwasha.

"Kijana wako kila wiki ana mkataba wa mamilioni," alimwambia binti yake, Injinia akiwa amekaa palepale, "mbona viatu vyake vimelalia upande mmoja? Mimi nataka kuona kazi ya mikono yake. Kwa macho yangu haya. Mpaka Jumamosi niwe nimeona taa ya sola aliyoiwasha yeye. Asipoweza, asikanyage hapa tena."

Injinia alimtazama mchumba wake, akitegemea huruma.

"Baba akikataa," mchumba alisema, akikata uzi kwa meno, "mimi sitoroki na mtu. Sikuzaliwa kukimbia na begi kichwani."

Na Injinia alimpenda. Hilo liandikwe wazi, maana ndilo jambo pekee maishani mwake ambalo hakuwahi kulitia chumvi. Akimwona ameinamia cherehani, uongo wote ulimkauka mdomoni. Kumkosa huyo kwa sababu ya taa? Haiwezekani. Angepata paneli, hata kama ni za kuvua juu ya kichwa cha mtu.

Alipiga hodi getini akiwa amevaa kizibao cha rangi ya chungwa na kofia ngumu, ameshika ubao wenye karatasi. Mama mmoja mnene, nywele nyeupe zimesukwa vizuri, alikuwa barazani anachambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kama ni dini, ninayo. Kama ni sabuni ya kung'arisha masufuria, ninayo pia."

"Hapana, mama yangu. Mimi ni injinia wa usalama wa mapaa."

"Usalama wa nini?"

"Mapaa, mama. Ni kitengo kipya." Akainua kalamu kuelekea juu, kwa huzuni ya daktari. "Zile pale zilikufa lini?"

"Mwaka wa sita sasa. Marehemu mume wangu ndiye aliyeziweka. Taa zikafifia, zikafifia, siku moja zikazima kabisa. Mwaka uleule na yeye akaniaga."

"Pole sana, mama."

"Nimeshapoa. Endelea."

"Paneli ikifa, inaoza. Ikioza, inavuja asidi. Asidi inakula bati. Bati likiisha, inahamia kwenye dari. Dari ikiisha…" Akatikisa kichwa kana kwamba yaliyobaki hayasemeki mbele ya wazazi. "Chumbani kwako hakuvuji?"

Mtaa ule haukuwa na paa hata moja lisilovuja. Swali lilikuwa la bure.

"Kunavuja," mama akasema, na kwa mara ya kwanza akaacha kuchambua. "Ubavuni mwa kitanda. Sasa kuzitoa ni kiasi gani?"

Injinia akataja bei kubwa, si kwa sababu aliitaka, bali kwa sababu mtu akipata bure anashtuka, na akishusha bei mwenyewe anajiona mjanja.

"Kiasi hicho nilimzikia mume wangu, na watu wakala wakasaza!"

Wakaanza kuvutana. Mama yule alikuwa mkono wa birika hasa. Alishusha bei, akaishusha tena, akaikalia kabisa. Mwisho wa mazungumzo Injinia alikuwa amekubali kuzitoa bure, kuziba tundu la juu ya kitanda, na kuubeba "uchafu wote" kwa gharama zake mwenyewe. Alitikisa kichwa kama mtu aliyenyolewa bila maji. Moyoni alikuwa anacheza ngoma.

"Tuandikiane," mama akasema. Akaleta karatasi, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wa kuchorwa, akaweka tarehe, akaacha nafasi ya sahihi. Injinia akatia sahihi yenye mikia mitatu na akaondoka akipiga mluzi.

Kitu kimoja hakuuliza, na lau angeuliza angepita lile geti bila hata kupunguza mwendo. Hakuuliza kwa nini mtaa unamwita mama yule Mama Karani. Miaka thelathini alikaa mahakamani, chini kidogo ya kiti cha hakimu, akiandika kila neno la kila mwongo aliyewahi kusimama kizimbani katika mji ule.

Alhamisi asubuhi Injinia alienda kwa Mzee Bucha kuazima ngazi. Ilikuwa ngazi ndefu ya mbao ngumu, Mzee aliipaka vanishi kila mwaka na aliipenda kuliko baadhi ya ndugu zake.

"Nina mkataba mtaa wa nyuma ya ofisi za maji, mzee. Nyumba yenye geti la kijani."

"Nikute mkwaruzo mmoja tu kwenye hiyo ngazi," Mzee Bucha akasema, "hata hiyo Jumamosi sitaingoja."

Mpaka afike, aipandishe na apate pumzi, jua lilikuwa utosini. Sasa hapa ndipo ujinga wa wiki tatu ulipojitenga na elimu ya miaka. Fundi wa kweli akitaka kuvua paneli, jambo la kwanza anazifunika kwa turubai au blanketi zito. Kwa nini? Kwa sababu paneli haina swichi. Jua likiiona tu, inafanya kazi, iwe umeiomba au hukuiomba. Injinia alibeba maboksi, na boksi limeshaifunika paneli tangu kiwandani. Hakuwahi kuiona ikikutana na jua la saa sita akiwa ameshika waya wake.

Akachutama juu ya bati la moto, akazikusanya nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, akazibana pamoja kwenye koleo lake lenye mpini ulioliwa na panya, akakata.

Paa!

Cheche ya buluu iliruka kama paka aliyekanyagwa mkia. Mkono wa Injinia ukapanda juu wenyewe mpaka begani. "Mama yangu weee!" akapiga kelele iliyosikika ofisi za maji. Koleo likaenda lake. Kofia ngumu ikaviringika juu ya mabati, ikadunda barazani mbele ya miguu ya Mama Karani.

"Nini hicho?" mama akauliza kutoka chini.

"Hakuna kitu, mama! Nyigu!"

"Nyigu anayetoa moto?"

"Wapo wa hivyo… huku juu."

Injinia akachungulia ukingoni. Mama Karani alikuwa amesimama uani, ameshika kiuno, anatazama juu kwa uso ambao mawakili wazima waliwahi kuukimbia.

"Umesema zimekufa."

"Zimekufa kabisa, mama! Hizo ni dalili za mwisho tu."

"Kwa miaka sita?"

"Zinakufa polepole."

"Kijana, mimi nimeandika kesi za vifo mpaka vidole vikapinda. Sijawahi kuandika marehemu aliyempiga shahidi."

Akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaivuta, akailaza chini kando ya ukuta. Kisha akaingia ndani, akarudi na kiti, akaketi kivulini na ungo wake.

"Mama," Injinia akaita kwa sauti ndogo. "Ngazi."

"Nimeiona. Ulijua ziko hai?"

"Mama, huku kuna joto…"

"Ulijua, hukujua?"

Bati lilikuwa linamchoma makalio kupitia suruali. "Nilijua," akasema.

Mama Karani hakucheka. Aliuweka ungo chini kabla ya kujibu, na Injinia alitamani angemtukana tu yaishe. "Mume wangu alizinunua hizo kwa kiinua mgongo chake chote. Kila jioni alikuwa anatoka nje kuzitazama. Miaka sita nimekaa nikiamini aliuziwa takataka. Na wewe ulikuwa unajua, ukaja kuniambia zinaoza." Akachukua simu yake mfukoni. "Karatasi yenye sahihi yako ninayo. Namba ya kituo cha polisi ninayo kichwani, tangu kazini."

"Mama, nisamehe! Nina Jumamosi, mama, nina mchumba!"

Kabla hajabonyeza, geti la kijani likagongwa. Akaingia mzee mrefu mwenye kofia ya pama, akitazama huku na huku kama aliyepoteza mtoto.

"Hodi hapa. Samahani, dada, nimefuata ngazi ya… nani ameilaza ngazi yangu chini?!"

Juu ya paa, roho ya Injinia ilishuka ikabaki kwenye soksi. Mzee Bucha aliinama, akaipangusa ngazi vumbi kwa kiganja, akaikagua kidato kwa kidato. Alipoinuka akamwona mkwe wake mtarajiwa kachutama kati ya paneli, kichwa wazi, nywele zimesimama.

"Kumbe kweli yuko kazini," Mzee akasema, na mshangao haukujificha. Akamgeukia mama. "Dada, mimi kijana huyu anataka kumwoa binti yangu. Niambie wewe uliyempa kazi, maana mimi sijui mambo ya sola. Huyu ni fundi kweli?"

Mama Karani akamtazama mzee. Akatazama juu. Akairudisha simu mfukoni taratibu, na Injinia aliona kabisa mahesabu yakipita usoni mwake.

"Injinia!" akaita. "Mzee anauliza kama wewe ni fundi. Nimjibu nini?"

Injinia akaitazama ngazi iliyolala chini. "Mwambie… mwambie namalizia kukuunganishia paneli zako, mama."

"Ngapi?"

"Nne."

"Nimjibu nini, Injinia?"

"Nane! Zote nane!"

"Na kuziosha?"

"Nitaziosha."

"Na taa ya nje? Na ya choo?"

"Na ya nje, na ya choo, na ya jikoni, mama yangu!"

"Na betri mpya unaninunulia wewe, kama tulivyokubaliana?"

Mzee Bucha ndiye aliyemjibia, kifua mbele. "Betri ni kitu gani kwa huyu? Mtu wa mikataba ya mamilioni!"

"Mzee, pesa zangu ziko benki, na leo mtandao wa benki…"

"Basi toa simu yako tuiweke dukani. Ukizitoa hizo pesa utaikomboa."

Ile simu ndiyo ilikuwa ofisi yake. Humo mlikuwa na wateja wake wote, sauti zake tatu tofauti za kupokelea simu, na picha aliyopiga mbele ya mtambo wa watu wengine. Aliitia kwenye soksi, akaifunga kwa waya, akaiteremsha ukutani kama anateremsha jeneza. Mzee Bucha akaipokea, akaenda nayo duka la kona, akarudi na betri kwenye toroli. Chenji ilibaki kidogo, na Mzee akaona adabu ni kumpa mwenye nyumba.

Sasa utauliza: mtu asiyejua kitu ataunganishaje paneli nane? Ndipo ujue karani ni nani. Mama Karani aliingia ndani akatoka na faili la jalada gumu, limeandikwa mgongoni SOLA, na ndani yake mlikuwa na risiti zote, barua zote, na mchoro wa fundi wa kwanza, kurasa kumi na moja, zimetobolewa na kufungwa kamba. Hakuwahi kuufungua, maana fundi aliyeitwa taa zilipozima, aliyetoa hukumu ya kifo miaka sita nyuma, hakuuomba. Akavaa miwani na kuanza kumsomea kwa sauti ya mahakama.

"Moja. Kabla ya kugusa waya wowote, paneli zote zifunikwe." Akamtazama juu ya miwani. "Endelea kunisikiliza. Mbili. Waya mwekundu wa paneli ya kwanza uingie kwenye mweusi wa paneli ya pili…"

Mzee Bucha akavua koti, akamrushia mablanketi. Akasimamisha ngazi mwenyewe, akaishikilia. Ndoo za maji zikapanda, maji meusi yakashuka. Injinia alisugua kinyesi cha ndege cha miaka sita. Aliunganisha, akakosea, akasomewa upya kuanzia ukurasa wa tatu. Alipiga misumari, akaziba tundu la juu ya kitanda kwa lami, akachubuka vidole vinne kati ya vitano. Akitazama chini aliona wazee wawili wameegemea ukuta, faili katikati yao. Baadaye aliona vikombe vya chai. Baadaye sahani. Mara moja alimsikia Mzee Bucha akicheka mpaka akakohoa, na hakuwahi kujua kwamba mzee yule ana kicheko.

Saa kumi na moja jioni aliteremka, akafunga nyaya za betri kwenye kisanduku cha kuchajia ukutani, akaivuta swichi. Taa ya barazani ikawaka.

Mama Karani aliinua uso akaitazama ile balbu muda mrefu, akafuta macho kwa ncha ya khanga. Injinia alisimama chini ya mwanga ule, mdomo wazi. Alikuwa ameuza mwanga kwa watu wengi sana katika maisha yake, na huu ndio wa kwanza kuuona ukiwaka.

"Umemaliza," Mama Karani akamwambia kwa sauti ya chini, wakiwa wawili. "Nenda. Sitasema."

Akaenda, hana simu, hana koleo, hana hata nauli. Lakini njia nzima alijipa moyo. Mzee ameona. Mama hatasema. Mji mkubwa huu, nyumba yenye geti la kijani ataikwepa mpaka kufa kwake, na ya juu ya paa yatabaki juu ya paa.

Jumamosi alifika kwa Mzee Bucha amepiga pasi shati lake la mwisho. Mzee alimlaki mlangoni, akamshika mkono akautingisha.

"Nimeona kwa macho yangu. Za kwangu hapa si haraka, utaziweka taratibu. Binti nimekupa."

Machozi yalimlenga Injinia, ya kweli.

"Ila," Mzee akaendelea, akijikuna kidevu kama kijana, "mtasubiri kidogo. Kuna harusi ya kutangulia. Nyumba hii imekaa kimya siku nyingi mno, na mtu ukishapata wa kuongea naye… Ingia ndani, ingia, usisimame mlangoni. Wewe ndiye uliyetukutanisha."

Sebuleni mchumba wake alikuwa ameshika futi, pini mdomoni, anampima mabega mwanamke mnene aliyesimama katikati ya chumba amewapa mgongo. Nywele nyeupe, zimesukwa vizuri.

Mwanamke akageuka.

Injinia alikuwa amedanganya nusu ya mji ule na nusu nyingine ilikuwa kwenye ratiba. Aliona mbele yake miaka yote inayokuja: sikukuu zote, misiba yote, kila mtoto atakayezaliwa, na kila meza atakayoketi kula, upande wa pili ameketi mtu mmoja tu duniani ambaye hamwezi.

"Shikamoo… mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu." Mama Karani akamtazama kuanzia kola ya shati mpaka viatu vilivyolalia upande. "Umekula?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini, limepambwa: ametoka kupata chakula na mteja mkubwa, hoteli kubwa, wamekula mpaka wamechoka. Akafungua mdomo. Akayaona yale macho.

"Bado, mama," akasema. "Tangu juzi ile."

Mchumba wake akatoa pini mdomoni, akamkodolea kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa.

"Haya," Mama Karani akasema, akivuta kiti. "Kaa hapo, uanze kutueleza wewe ni nani."